Mlango wa Mama

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi ile lilibeba watu watatu na birika la kahawa. Upande wa tofali alikaa Mhakiki, daftari magotini. Gazeti lilimpa mpaka saa sita awe amepeleka maoni juu ya tamthilia ya jana, kazi ya kwanza ya dada mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Maoni yakiwa mazuri, wenye ukumbi wangempa wiki nzima badala ya siku mbili; yakiwa mabaya, arudi kwenye vitambaa vyake. Mhakiki alimtakia mema, na wasiwasi hakuwa nao hata chembe.

— Mama kafunga mlango, taa za ukumbi zikawaka, basi, alisema. Mtunzi msomi hatoi majibu. Anakuachia kazi uende nayo nyumbani.

— Haba na haba hujaza kibaba, alidakia Kinyozi. Ndiyo maana akafunga.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia kabla hajafunga.

Fundi Viatu aliweka kikombe chini.

— Ule si mlango. Ni serikali.

— Mi naona ni ndoa, alisema Kinyozi.

— Kitasa mlikiona? Kushoto. Mtunzi hafanyi kitu bure. Kushoto ndiko uliko moyo. Anatwambia dunia nzima inaumwa moyo.

Mhakiki aliliandika hilo, akalipigia mstari. Fikra zinapikwa hapa, alijiambia, si huko vyuoni.

— Namalizia hivi: "Kwa mlango uliofungwa milele, mtunzi huyu ameingia safu ya wanafikra."

— Mkuki kwa nguruwe, alisema Kinyozi kwa heshima kubwa.

Hapo dada mshonaji akavuka barabara, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

— Shikamooni, kaka zangu.

— Marahaba.

— Swali moja tu, linaninyima raha. Baada ya mapumziko, pale mama anapofungua mlango na kucheka. Kile kicheko kilieleweka?

Fundi Viatu akaanza kukagua kiatu, chake mwenyewe, kikiwa mguuni. Jana taa zilipowaka wao ndio waliotangulia kutoka, wakiwahi benchi kabla ubishi haujapoa. Mhakiki aliona aibu, tena aibu ya kweli. Akachana ukurasa taratibu.

— Gazeti litangoja kesho, alisema. Leo mnaanza saa ngapi?

— Saa kumi. Kwani jana hamkuwepo?

Birika lilikuwa tupu, lakini Kinyozi aliendelea kumimina.