Yowe la Mpira Nyumbani kwa Scolastica

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, mwenyekiti wa kitongoji, baba mdogo Gozbert uliyeongoza kikao cha familia, mama yetu Febronia uliyeketi hapo kibarazani, ndugu na majirani wote mlioacha mashamba yenu leo Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, mimi ni Elick Sindayigaya, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba hii, familia imenikabidhi karatasi hii niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitaisoma kwa utaratibu wake, isipokuwa pale ilipoandikwa ili kunisitiri mimi, hapo mtaniwia radhi nitasema yaliyokuwepo.

Marehemu Scolastica Sindayigaya alizaliwa Ijumaa tarehe 10 Februari 1984, hapa hapa kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa marehemu mzee Sindayigaya na mama Febronia, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Skolastika, jina lake halikugombaniwa na upande wowote, na baba alipenda kusema kuwa hiyo ndiyo mara pekee ukoo wetu ulikubaliana bila pombe. Alifuatiwa na Jovina, aliyeolewa Nyamigogo wilayani Biharamulo, kisha mimi mwaka 1988, niliyebebwa na Scolastica mgongoni hata nilipokwisha kujua kutembea.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akajiunga na sekondari ya wasichana ya masista kuanzia mwaka 1999 hadi 2002, na huko ndiko alikokutana na mpira wa kikapu, katika uwanja wa changarawe uliowachubua magoti wasichana wote, akawa nahodha ingawa alikuwa mfupi kuliko wenzake, na mwaka 2002 akachaguliwa katika timu ya mkoa ya shule za sekondari. Alifaulu mtihani wa kidato cha nne na kupangiwa kidato cha tano, aripoti mwezi Julai 2003.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2003 mama alianguka kwenye migomba akapooza upande wa kulia, baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, kikao cha ukoo kikakaa katika sebule ya nyumba hii na kuamua kwamba Scolastica abaki na mama kwa muda, mpaka hali itulie. Hakuulizwa, kwa sababu wakati wanakikao wanaamua yeye alikuwa jikoni anawapikia, na wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kuhusu kazi, karatasi inasema marehemu alikuwa mkulima, ni kweli, lakini kazi yake ilikuwa mama, kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, kumfulia, kumnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi kitandani, kila siku ya Mungu, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na katika miaka yote hiyo, kabla hajaugua, alilala nje ya nyumba hii mara nne tu.

Mwaka 2012 alipata nafasi katika chuo cha ualimu, aripoti Jumatatu tarehe 2 Julai, mimi wakati huo nilikuwa nimehitimu upimaji ardhi na nilikuwa na nafasi mbili za kazi, moja Ngara mjini na nyingine Mwanza, tukakubaliana kwa simu kwamba nitachukua ya Ngara, nirudi kuishi nyumbani, ili yeye aende. Jumamosi ya kabla ya siku hiyo, niliyoahidi kufika, alifunga sanduku, akavaa viatu, akakaa kibarazani tangu asubuhi kunisubiri, mama Melania jirani yetu ni shahidi kwani alimpitia mara tatu, na mimi nilikuwa Mwanza nasaini mkataba wa miaka miwili. Sikumpigia simu siku hiyo wala siku ya pili. Wiki tatu baadaye nilimtumia televisheni, deki na sola, kijiji kizima kikanisifu kwamba Elick hajasahau nyumbani, na kweli sikusahau, nilituma televisheni iende badala yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndugu waombolezaji, televisheni hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wenu mumjue Scolastica mliyemjua. Kila mwezi Jovina alikwenda sokoni Biharamulo kwa bwana Shibuda, fundi redio, akajaziwa flashi mechi za mpira wa kikapu na filamu za mashujaa wanaopaa, akaikabidhi kwa kondakta wa basi hadi stendi yetu hapa Benako, Scolastica akaipokea kama mtu anayepokea komunyo. Mechi zilikuwa za wiki tatu nyuma, ulimwengu mzima ulishajua nani kashinda, yeye alimwapisha Shibuda asitamke matokeo hata akilewa, na robo ya nne ikifika alishika rozari. Aliwafokea makocha wa Marekani kwa Kihangaza na Kiswahili, "Kocha, huna macho? Huyo amechoka, mtoe!", refa akipuliza vibaya alimwambia aone haya kwa mama yake, na mama yetu, ambaye tangu apooze alibakiwa na neno moja tu, "Ego", ndiyo ya kwetu, alilipaza neno hilo kwa kila kikapu, cha rafiki na cha adui.

Filamu hizo alizitazama akiwa amesimama, mashujaa wale aliwaita "wenye mashuka mgongoni", hakuwavumilia wanaohutubia adui badala ya kumpiga, "Acha maneno wewe, nyuma yako!", na mmoja wao alipodaka basi la watoto lililokuwa linaanguka kutoka darajani alilia hadi mama akaanza kulia naye bila kujua wanalilia nini. Lakini shujaa akifungiwa ndani ya sanduku la chuma au la kioo Scolastica hakuweza kutazama, alitoka nje kumenya ndizi mpaka aitwe kwamba mtu wake ametoka. Mwaka juzi, Krismasi, nilimuuliza anapenda nini kwa watu wa uongo namna ile, akanijibu kwamba wanapoitwa wanapita mlangoni na kuondoka, hakuna anayewauliza nani atabaki. Nilicheka. Naomba mjue kwamba nilicheka.

Katika wiki ya kwanza ya mechi hizo, Agosti 2012, mpira wa mwisho uliingia pamoja na king'ora, Scolastica akapiga yowe, na kwa kuwa kwetu yowe haliachwi hewani, wanaume kumi na wawili walifika na marungu na mapanga, wakamkuta katikati ya sebule mikono juu, mama anacheka kitini. Mwenyekiti alimwonya kwamba yowe si kitu cha mchezo, likatafutwa suluhisho, naye akakubali kuwa kila siku ya mechi au filamu ataanika kitenge chake cha njano kwenye ua, mtu akikiona ajue hilo ni yowe la mpira, aendelee kulima. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kwa miaka kumi na mitatu.

Kuhusu ndoa, Scolastica hakuolewa. Bwana Jean Paul, fundi seremala, alimchumbia mwaka 2007, akasubiri miaka miwili mama apone au mimi nirudi, kisha akaoa kwingine, na simlaumu. Kuhusu watoto, hakuzaa, ila tangu mwaka 2016 alimlea Deodata, binti wa Jovina, aliyeletwa akiwa na miaka minane amsaidie shangazi, samahani, mama mkubwa wake, kuteka maji, na huyu ndiye aliyemfundisha hesabu kwa pointi za kikapu mpaka leo ni wa kwanza darasani, kidato cha nne, mtihani wake wa taifa ni mwezi ujao.

Mwezi Machi 2024 Scolastica aliona uvimbe kwenye titi la kushoto, hospitali ya Biharamulo wakamwandikia rufaa ya Mwanza mara moja, akanipigia simu aniulize nani atabaki na mama, nikamwambia asubiri nimalize mradi, nikamwambia hivyo mwezi wa nne, mwezi wa saba na mwezi wa kumi na moja, na nilipomchukua hatimaye, Januari mwaka huu, madaktari walisema ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Baada ya matibabu ya wiki sita alirudi hapa, akaendelea kumnyanyua mama.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akimhamishia mama kitini, mfupa wa paja lake ulivunjika, wakaanguka wote wawili, mama juu ya kitanda na yeye sakafuni, akapiga yowe, na kitenge cha njano kilikuwa kwenye ua tangu mechi ya jana yake, alisahau kukianua. Majirani mlisikia. Mlikuwa mnapalilia, mkaambiana kwamba leo mechi ni kali, na mama alipiga mbao za kitanda kwa mkono wake mmoja mzima mpaka ukatoka damu, hadi saa kumi jioni Deodata aliporudi kutoka shule. Najua wapo kati yenu ambao tangu siku hiyo hawajala vizuri, mama Melania hajaingia nyumbani kwetu kwa aibu, nami nasema mbele ya jeneza hili kwamba hamna kosa, ninyi mlisikia yowe moja mkakosea, mimi nilisikia yote na sikuja. Alilazwa Biharamulo kisha Mwanza, akafariki Jumatatu tarehe 6 Oktoba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Biharamulo na Mwanza, Baba Paroko, bwana Shibuda aliyefunga duka kuja hapa, na majirani wote. Kwa kawaida hapa hushukuriwa wafanyakazi wenzake na marehemu, lakini kazi ya Scolastica haikuwa na wenzake.

Imebaki sentensi moja niliyopewa kuisoma, inasema kwamba baada ya mtihani Deodata atabaki na bibi yake kwa muda, mpaka hali itulie. Baba mdogo, shikamoo, jana kikaoni nilinyamaza, binti mwenyewe alikuwa mtoni, na leo nakuomba radhi kukubishia mbele za watu, sentensi hiyo imekufa na dada yangu. Deodata atafanya mtihani na akifaulu ataondoka, atakayebaki na mama ni mimi, mke wangu Priscila anayasikia haya sasa hivi pamoja nanyi, naye anisamehe, kwa sababu ningemwambia jana usiku asubuhi ningekuwa nimeshabadili mawazo. Kikaoni mlisema mwanamume hamwogeshi mama aliyemzaa, mila hiyo naiheshimu, ila imenifaa mno kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nitamwomba mama Melania aje kila asubuhi anisaidie kwa hilo, mengine yote ni yangu. Naogopa, jamani, sitawaficha, nikiutazama ule mlango naona hautafunguka tena, na hivyo ndivyo alivyouona yeye akiwa na miaka kumi na tisa bila kuwa na mtu wa kumwambia.

Sanduku langu liko kwenye gari, tukitoka makaburini naomba vijana wawili wanisaidie kuliingiza ndani, na Deodata, leo jioni unionyeshe mara moja tu jinsi ya kumgeuza bibi bila kumuumiza bega, halafu uchukue daftari zako uende kusoma. Dada Scolastica, mama yuko nami, pumzika kwa amani.