Mama Mabano: Miaka Thelathini na Minne ya Kukataa

Tarehe 30 Juni, mhariri mkuu wa nota za muziki wa kale katika nyumba yetu ya uchapishaji anastaafu [kwa hiari yake mwenyewe] baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na minne. Mimi ni mpangaji wa nota. Meza yangu imetazamana na yake muda mrefu kiasi kwamba nakijua kikombe chake kwa mlio. Niliombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, nikaandika, na ofisi ya Mkurugenzi ikausoma na kuuboresha. Sikukataa hata neno moja la ofisi. Nimeyaweka yote kama yalivyoletwa, ila kila lililoongezwa nimelitia kwenye mabano ya mraba, kwa kuwa ndivyo mama huyu alivyonifundisha kazi.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, nieleze kidogo. Sisi huchapisha oratorio, yaani visa vya dini vinavyoimbwa bila kuigizwa, pamoja na opera na nyimbo za kwaya za enzi ya Baroko, karne ya kumi na saba na ya kumi na nane. Watunzi wake wamekufa zamani. Miswada yao imeliwa na panya, imelowa maji, imenakiliwa na watu waliokuwa wakisinzia. Mhariri huilinganisha, hupima lipi ni lipi, na penye tundu huziba. Kanuni ni moja: ulichoziba wewe kionekane. Nota uliyoiongeza huitia mabano, ili mwimbaji ajue hapa anamwimba marehemu na hapa anamwimba mhariri, kisha aamue mwenyewe amwamini nani. Kanuni hiyo hakuibuni yeye, lakini aliisimamia bila simile hata akabatizwa Mama Mabano, na jina likamkaa.

Alikuja hapa kugomba. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, na kwaya yao ilikuwa ikijifunza wimbo wa maziko kutoka kitabu chetu cha wakati huo, kilichoandika "kwa nguvu" juu ya kila mstari. Haikumwingia akilini watu wamzike ndugu yao kwa makelele. Akaenda maktaba, akaomba picha za mswada, akakuta mtunzi hakuandika kitu. Aliyeandika ni mhariri wa karne iliyofuata, mtu wa kupenda vishindo. Kesho yake akapanda ngazi zetu, kitabu kwapani na maneno mdomoni. Mkurugenzi wa zamani, mzee mwenye subira, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwuliza anaweza kuanza kazi lini. [Alipata ajira kwa njia ya ushindani wa wazi.]

Ukisimama mlangoni mwa chumba chetu, rafu yote ya kushoto ni kazi ya mikono yake: oratorio za Agano la Kale, zaburi za kwaya mbili, opera ambamo mfalme huchomwa kisu kisha akaimba robo saa kabla ya kukubali kufa. [Mafanikio haya yalitokana na uongozi bora.] Vitabu hivyo vimechakaa kwa kuazimwa, na kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu mwema, aliwahi kuwafundisha waimbaji wake kwamba kilichomo kwenye mabano huimbwa kwa kunong'ona, maana ndivyo yeye alivyozoea kusoma mabano gazetini. Wakatualika kwenye onyesho. Tukakaa safu ya mbele, Mama Mabano na mimi, tukaisikia kwaya ya watu wazima ikiimba kwa kishindo, mara ikinong'ona, mara kishindo tena, kama redio yenye betri zinazokwisha. Nilijikaza nisicheke mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Baada ya onyesho alimvuta yule mwalimu pembeni, nasi tukajua leo ni leo. Waliporudi walikuwa marafiki. Tangu hapo kila kitabu chetu kina ukurasa wa maelezo mwanzoni, na yule mwalimu hutuandikia kila anapotukamata na kosa.

Nyumbani hali ni hiyohiyo. Mumewe, fundi wa piano, anasema hajawahi kumaliza kisa mbele yake bila kuulizwa kipi kilitokea na kipi amekitia chumvi. Binti yao alipokuwa shuleni alisaidiwa sentensi mbili za insha, na mama akazitia mabano kabla daftari halijarudi kwa mwalimu. Binti akapunguziwa alama, akanuna juma zima. Leo ni daktari wa meno, na anasema wagonjwa wake huambiwa waziwazi jino lipi ni lao na lipi ni la kununua.

Sasa tufike kwenye mfupa.

Kazi yake ya mwisho ni oratorio ya mjane wa Sarepta, yule mwanamke wa Biblia aliyebakiwa na konzi ya unga, kisha mtoto wake akakata roho. Mswada wake uko mmoja tu duniani, na mwishoni, pale mtoto anapofufuka na kwaya nzima inaingia, sauti ya tatu haipo. Karatasi zake zilipotea kabla babu zetu hawajazaliwa. Mama Mabano aliitunga upya. Alikaa nayo miaka, anaandika, anafuta, anaandika tena, akiiimba chinichini mpaka fundi wa mtambo wa kuchapia, aliye ghorofa ya chini, akaishika kwa moyo. Nami nasema bila kupepesa macho: ni nzuri. Nilipoipanga mara ya kwanza ilinibidi nitoke nje nikavute hewa. Na yote, toka nota ya kwanza mpaka ya mwisho, imo kwenye mabano.

Mkurugenzi wa sasa, aliyetujia kutoka biashara ya magodoro [mwenye uzoefu mpana wa soko], aliziona kurasa hizo akauliza uchafu huu ni wa nini. Akaelezwa. Akasema mteja hanunui nguo yenye viraka. Mabano yote yatoke, na jaladani paandikwe kwamba kazi imepatikana nzima. Alidhani anamfanyia hisani, kwamba muziki wake utasikika kama wa bwana mkubwa, na nani atajua? Mama Mabano akamjibu kwamba yeye hajafa, hajawahi kuvaa wigi kama watunzi wa enzi hizo, na hatalala kwenye kaburi la mtu mwingine. [Mazungumzo yalifanyika katika hali ya maelewano.] Sisi tuliokuwa upande wa pili wa ukuta tuliyasikia maelewano hayo, na kioo cha mlango kilikuwa kikitetemeka.

Nimekasirika, na naandika wazi kwamba nimekasirika, ili mtu asije akasoma hapa akadhani ni huzuni ya kuagana. Kumvisha marehemu nota asizoziandika ni kumvisha kilemba cha ukoka. Kesho mwanafunzi atakesha akiandika tasnifu juu ya ustadi wa mtunzi katika sauti ya tatu, na mtunzi hana habari. Kesho kutwa mhariri mwingine atanakili kutoka kwetu, na mwingine kutoka kwake. Uongo wa mdomoni hupita na upepo, lakini wa chapa huwekwa maktaba. Tena tunataka kumfanyia hivyo mwanamke aliyezipanda ngazi hizi kwa mara ya kwanza akikataa jambo hilihili. [Kampuni inaheshimu maoni mbalimbali.]

Alikuwa astaafu Desemba, kitabu kikiwa kimetoka. Juma moja baada ya yale maelewano akaambiwa atastaafu Juni. [Kwa kuzingatia afya yake.] Afya yake ni chuma. Anapanda zile ngazi na kuniacha nikihema, na mimi ni mdogo kwake. Hakubembeleza mtu. Alitamka neno moja tu: mabano yakitoka, jina lake nalo litoke. Wakasema sawa. Wakasema sawa upesi, kama watu waliopunguziwa bei. Basi kazi aliyoilea kuliko zote imepangiwa kutoka bila jina la mama yake, na yeye amenunuliwa saa ya ukutani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa kwa saa.

Kuanzia hapa ofisi haijasoma, kama ambavyo haikusoma majibu yangu kwa mabano yake. Aya hizi nimezipanga asubuhi hii, jarida likiwa njiani kwenda mtamboni, ndiyo maana huoni bano hata moja.

Kazi ya kuyafuta mabano ya Mjane nimepewa mimi. Nimeambiwa ni jambo dogo, unabonyeza tu, mashine inafagia yote. Sijabonyeza. Sitabonyeza. Nimemweleza fundi wa mtambo, na yeye, mtu asiyependa maneno, amesema karatasi zikimfikia bila mabano mtambo wake utaharibika, na hajui utapona lini. Anayetaka yafutwe, kiti changu kiko wazi. Aje akae, ayafute kwa mkono wake, kisha aandike jina lake mwenyewe pale lilipokuwa la mama huyu. Mpaka naandika haya hajaja mtu. Huenda atakuja, na huenda mwezi ujao mkasoma wasifu wangu.

Mama, tunakushukuru kwa kila ukurasa uliotufanya tuurudie huku tukikutukana kimoyomoyo. Tunakushukuru kwa kutugombeza tukiwapo na kututetea tusipokuwapo, wakati wengi hufanya kinyume. Mungu akupe magoti mazima, usingizi wa mchana, na jioni za kusikiliza muziki bila kalamu mkononi, ingawa mumeo anasema hilo la mwisho tusahau. Mjane yuko tayari. Sauti ya tatu iko na mabano yake yote, na jina lako liko ukurasa wa kwanza. Nenda kapumzike. Hasira tuachie sisi.