Historia ya Dada Yetu, Mfinyanzi wa Masazo

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, na wewe uliyekaa mstari wa mbele chini ya bango lako, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuatia ziwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu kaka yetu mkubwa sauti imemkauka, na pia kwa sababu ile aliyoiandika yeye nilikataa kuisoma, maana ilimwita dada yetu mtengenezaji wa mapambo ya nyumbani, na dada yetu hakuwahi kutengeneza pambo hata siku moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha kupozea umeme, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na mkunga, na nyumbani tulimwita Kidole, kwa sababu hapakuwa na kitu asichokigusa, ukikuta panya aliyekufa uvunguni ujue Kidole keshamgeuza tumbo juu, ukikuta sinki limezibuka ujue Kidole keshachomoa lile donge la nywele na mafuta, amelitandaza kwenye gazeti na anaangalia lilivyosukwa. Mimi ni mtu wa kinyaa, mnanijua, mpaka leo glasi iliyoguswa na midomo ya mwenzangu siishiki, na yeye alikuwa akinikamata kichwa, ananielekeza huko huko nisikotaka, anasema, "Angalia vizuri, kinyaa kitaisha," nami natapika.

Alianza shule ya msingi Januari 1976, akamaliza 1982, akaendelea na sekondari iliyokuwa mkabala na machinjio, akamaliza Novemba 1986, na maksi zake hazikuwa mbaya wala za kutangaza. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa sanaa aliwaambia wafinyange tunda, darasa zima likaleta mananasi na maembe, yeye akaleta kipande cha chungwa kilichotafunwa na kutemwa, chenye alama za meno, akapewa sifuri, mama akaitwa shuleni, na mwalimu akamwambia kwa huruma, "Mama, huyu binti ana tatizo." Mama, ambaye kwa ukunga wake hakuna uchafu wa mwili asioujua, alikigeuza geuza kile kipande, akasema, "Meno ya baba yake haya, pengo lenyewe hili hapa," akaaga, akarudi kazini.

Tarehe 6 Februari 1988 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha masinki na vyoo vya kukalia, na wanaoona haya kulitaja hilo leo wakumbuke kwamba kila asubuhi wanakalia kazi ya mikono kama yake. Ni huko alikojifunza udongo mweupe wa kauri, unaokorogwa kama uji na kumiminwa kwenye kalibu, na ni huko alikojifunza sheria aliyoishi nayo mpaka mwisho, kwamba kitu ambacho hakijaingia tanuruni, hata kiwe kikavu na kizuri namna gani, ukikitia kwenye ndoo ya maji kinayeyuka na kuwa udongo tena, lakini kikishachomwa hakuna wa kukirudisha. Mafundi wakiona kazi haikukaa sawa walikuwa wakiitana, "Kirudishe kwenye ndoo!" na dada aliyaleta maneno hayo nyumbani, akawa anayasemea hata wachumba.

Wa mwisho hakurudishwa, naye ni shemeji yetu huyu hapa, mwangalizi wa tanuru wa kiwanda hicho, ambaye walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa binti mwaka 1995 na mvulana mwaka 1998. Kwa hisani ya shemeji, kazi za kwanza za marehemu zilichomwa kwenye nafasi zilizobaki katikati ya vyoo, sahani ya mtu aliyekwisha kula na kuondoka, mifupa iliyofyonzwa, ganda la ndimu, karatasi ya kufutia mdomo iliyokunjwa ikiwa na alama ya midomo, vyote vyeupe, vyembamba kiasi kwamba ukiviinua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Nilipoonyeshwa niligeuza uso, akanishika kichwa kama zamani, nikaangalia, na kweli, baada ya muda niliona mtu mpweke aliyekula haraka, nikamwonea huruma.

Mwaka 2005 akaja huyu tunayemwita Bwana Maonyesho, mwenye ukumbi wa sanaa, akampa chumba nyuma ya ukumbi wake chenye tanuru la umeme, na kuanzia hapo kazi za dada yetu zikaanza kushikwa kwa glovu nyeupe. Nilihudhuria maonyesho yake, nikaona watu waliovaa vizuri wakishangilia mifupa ya kauri huku wakitupa mifupa waliyoitafuna wao papo hapo kwenye meza ileile, mpaka bwana mmoja mwenye tai akaulizia bei ya paja la kuku lililoachwa na mgeni mwenzake. Huyo huyo Bwana Maonyesho, aliyesimama mbele ya watu akisema kwamba marehemu ametufundisha kutokimbia uchafu, alipokuja nyumbani kwa marehemu hakunywa hata maji, aliufuta ukingo wa glasi kwa leso yake, akairudisha mezani imejaa.

Sasa nafika kwenye dirisha, na kaka yangu usinikonyeze. Bwana Maonyesho alitaka kazi laini kama ngozi ya mtoto, isiyo na mkwaruzo, na alitaka nyingi, kwa hiyo udongo ulisuguliwa ukiwa mkavu, maana kusugua kwa maji kunachelewesha, na vumbi lake ni jeupe, jepesi, linakaa hewani kama halina uzito. Chumba kilikuwa na dirisha moja, linatazama ua wanakoegesha magari, na mwaka 2008 dirisha hilo lilipigiliwa mbao kwa amri yake, na shemeji alipokwenda kumwomba alifungue alijibiwa kwa upole kabisa, "Mzee, vumbi likitoka litachafua magari ya wageni." Likabaki ndani, na ndani alikuwemo mke wa mtu, mama wa watu, dada yetu, na kila nilipomwambia aondoke alinijibu, "Nikifungua dirisha atanifungia mlango, na tanuru lingine nitalipata wapi?"

Kikohozi kilimwanza mwaka 2016, akatibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, mpaka Mei 2019 daktari wa mapafu alipotundika picha ukutani, akatuonyesha madoa na kutuambia kwamba vumbi hilo halitoki tena. Aliacha kazi mwaka 2021, akalala chumba cha mbele, pembeni yake kuna beseni, na nisiwafiche, alichokuwa akikohoa ndani ya beseni hilo kilikuwa kizito, kina nyuzi za damu na kina harufu, na shemeji ndiye aliyelimwaga na kuliosha, kila siku, bila kununa. Mwanzoni mwa mwaka huu aliomba udongo wake, akaufinyanga palepale kitandani, kwa mikono iliyolowa maji, bila vumbi, akafinyanga beseni lile na vyote vilivyokuwa ndani yake, likakaa dirishani kukauka.

Bwana Maonyesho alikuja kumjulia hali mara moja, akasimama mlangoni na leso puani, akaona beseni lenyewe, akageuka upande, halafu akaliona lile la udongo, leso ikashuka, akasema, "Mama, hii ndiyo kubwa kuliko zote, tuichome haraka." Haraka ya nini, kila mtu chumbani alielewa. Dada alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, na yule alipokwisha kuondoka akanivuta mkono, akaniambia, "Kile chenyewe kimemshinda kukiangalia, asipate mfano wake. Nikifa, lirudishe kwenye ndoo."

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti, akiwa mikononi mwa mumewe. Siku hiyohiyo turubai hili lililetwa, na viti hivi, na bango lile lenye jina la ukumbi kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu, na kaka yetu akaombwa lile beseni la udongo kwa ajili ya maonyesho ya kumuenzi, akakubali, eti tusimuudhi mtu wa watu, akabidhiwe leo tukishazika.

Kaka, leo asubuhi nililichukua, nikakaa nalo mapajani, nikaliangalia vizuri kama nilivyofundishwa, kila uzi, kila povu, na kinyaa kikaisha, kikabaki kilio tu. Kisha nikalitia kwenye ndoo, likatoa mapovu, likalegea, likakaa chini. Ndoo ni ile pale karibu na majembe, itashuka pamoja naye. Bango hili pia nimeliangalia tangu saa tatu, Bwana Maonyesho, nimeliangalia vizuri sana, na kinyaa hakijaisha.

Familia inawashukuru daktari wa mapafu na wauguzi wake, ambao hawakuziba pua, majirani waliompisha kivulini kila alipotolewa nje kutafuta pumzi, na wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha vyoo, ambao jana walikwenda na shemeji kuchukua zana zake kule nyuma ya ukumbi, na kwa kuwa nyundo walikuwa nayo, wakang'oa zile mbao.

Kidole, dirisha liko wazi. Pumzika kwa amani.