Sista Kunegunda Mapunda, Aliyetuharibia Sherehe ya Chanjo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutusumbua, Muuguzi Kunegunda Mapunda, Sista Kune kwa wanaomwogopa kidogo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kitengo chetu cha utafiti hapa Songea kimeipokea habari hii kwa ujasiri mkubwa. Wengine tumeshaanza kupanga siku za kuchelewa kazini.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kliniki ya wanaoishi na VVU enzi ambazo dawa hazikuwepo, kisha akaletwa kwetu majaribio ya chanjo tiba yalipoanza. Kwa wageni wetu: chanjo hii haimkingi mtu asiambukizwe. Anachomwa ambaye tayari ana virusi, ili mwili wake ujifunze kuvidhibiti bila vidonge vya kila siku. Kujua kama imefanya kazi, mshiriki husimamisha vidonge kwa wiki kadhaa, damu yake inapimwa kila wiki, na virusi vikirudi, naye anarudi kwenye vidonge. Sista Kune alipewa kazi ya kuwatembelea washiriki na kuhesabu vidonge. Mtu mwenye shahada mbili anaweza kuiona kazi hiyo ndogo. Tuliiona ndogo.

Miaka minne iliyopita tulikuwa na washiriki kumi na wawili. Kwa kumi na mmoja, virusi vilirudi kabla ya wiki ya sita. Wa kumi na mbili, Bakili wa Lizaboni, alifika wiki ya kumi na kipimo bado hakikuona kitu. Hapo utaalamu wetu ulijidhihirisha. Sisi wa maabara tungeweza kupima kama damu yake ina dawa. Badala yake tulijadili rangi za bango. Likachapishwa Majengo, mita tatu nzima, HONGERA kwa herufi za dhahabu. Wageni wa Dar wakakatiwa tiketi, mbuzi akafungwa nyuma ya banda la jenereta. Aliyechagua dhahabu ni mwandishi wa mistari hii.

Wakati huo Mwamvua, mkewe Bakili, ambaye naye anatumia dawa, alikuwa akifiwa mfululizo. Alikuja kliniki kuomba vidonge mapema ili awahi msiba wa shangazi Tunduru. Wiki tatu baadaye, shangazi mwingine. Sote tulimpa pole ya mdomo, kama ilivyo kwa watu wenye shughuli muhimu. Sista Kune, asiyejua mipaka ya kazi yake, alibeba unga kilo tano, akajifunga kitenge, akaenda Lizaboni kuhani.

Barazani alimkuta bibi mmoja akichambua maharage. Akamwamkia shikamoo, akampa pole, akauliza marehemu alikuwa nani kwake. Kuulizana kidogo tu, ikabainika kwamba marehemu ndiye yeye. Alikuwa amekuja kusalimia tangu Ijumaa, na afya yake haikuwa na neno. Unga aliupokea.

Mwamvua akaketi, akasema yote. Tangu mumewe asimamishe vidonge, alikuwa akimpa vyake kila siku, na vikipungua, anajinyima yeye. "Sista, nyie chanjo mtatafuta nyingine," alisema. "Mimi Bakili ninaye mmoja." Bakili naye alimeza akanyamaza. Alituona tumefurahi mno, akaona haya kutuangusha.

Kesho yake Sista Kune aliandika taarifa ya ukurasa mmoja. Safari ya wageni ikaahirishwa, mbuzi akafunguliwa. Nilimnunia wiki mbili nzima, na ninalisema hilo kwa aibu. Kisha majibu ya Mwamvua yakafika mezani kwangu. Virusi vyake vilikuwa vimeanza kupanda, ingawa havijawa sugu. Miezi michache zaidi ya furaha yetu, na dawa zake zingeacha kumsaidia, huku sisi tukipiga picha na mbuzi.

Sasa tunajaribu chanjo nyingine. Kwa utaratibu mpya, wenza wa washiriki nao huulizwa, na damu hupimwa dawa kabla mtu hajanunua mbuzi. Kwenye karatasi kipengele hicho kina jina refu; sisi tunakiita kipengele cha shangazi. Majibu bado. Sista Kune anaondoka bila kuiona chanjo aliyoingoja tangu enzi za kuzika wagonjwa wake kila wiki, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulitania.

Bakili na Mwamvua wameruhusu majina yao yaandikwe humu. Mwamvua amesahihisha hata kilo za unga. Wote wawili wazima, kila mmoja na kopo lake la vidonge, na leo, katika hafla hii ya kumuaga Sista, wamekaa mstari wa mbele pamoja na marehemu shangazi. Bango lililo juu yao ni lile lile la dhahabu, tumelitoa stoo. Safari hii anayepongezwa tumemhakiki.

Asante, Sista Kune. Ukapumzike, ulime mahindi yako, uishi miaka mingi ya heri. Na siku ukisikia tumeipata chanjo, usikimbilie kutupongeza. Beba unga, uje kwanza.

Sixbert Haule, Maabara