Mche wa Enid Haujapandwa

Wapendwa waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia nikiwa na karatasi ambayo sikudhani ingeandikwa na mimi, maana dada yangu alikunywa chai Jumanne ile akiwa mzima, na siku kumi na saba zilizopita tangu hapo hazijatosha kunifanya niamini.

Marehemu Enid Gwatkin alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 mjini Ledbury, wa kwanza kati yetu watoto wawili wa Mzee Percy na Bi Olwen Preece, akasoma huko huko Ledbury hadi mwaka 1968, hodari wa hesabu na mkaidi kwa mengine yote.

Kuanzia Machi 1970 hadi Novemba 2011 alipeleka barua, na kwa kupita bustani za watu mwaka mzima aliona jinsi zinavyokosa maua majira ya baridi, ilhali wale nyuki wanene wenye manyoya hutoka kila jua likichungulia, wakazunguka na njaa. Akaanza kuwapandia. Kwanza alikosea, akanunua maua yenye petali tele, mazuri ajabu, lakini nyuki walitua wakaondoka bila kitu, akayang'oa yote. Baadaye akaijua mahonia, yenye majani ya miiba na maua ya manjano Desemba, na nusu yenu mlioko hapa mliletewa mche wake pamoja na barua, bila kuuomba.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Bwana Clive Gwatkin, wakajaliwa binti mmoja, Hazel, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, na wajukuu wawili.

Tarehe 4 Desemba 2023 alilazwa kwa upasuaji wa goti, na shemeji yangu Clive, akitaka mkewe akute nyumba nadhifu, alikata mahonia zote tatu za ukutani zikiwa zimechanua, kama tufanyavyo wanaume wa huku tukiachiwa mkasi na siku tatu za upweke. Enid aliporudi alisimama getini na magongo yake, akatazama vile visiki, akavihesabu kimoja kimoja. Clive ameniomba nisilifiche hili.

Alimnunia wiki nzima, kisha akamwambia, "Umewamalizia nyuki chakula chao chote, mzee. Utapanda mwenyewe, mimi nakaa kitini nakuangalia."

Tarehe 30 Januari 2024, saa tano asubuhi, jua likiwaka, ndivyo ilivyokuwa. Enid alikaa kitini na blanketi, mche mpya uliochanua ukiwa mapajani, Clive akachimba akiwa amempa mgongo, akijitetea muda wote kuhusu ule mkasi, na alipofika kina cha jembe akauliza, "Mama, hapa panatosha, au nichimbe tena?" Hakujibiwa. Alidhani bado amenuniwa, akachimba tena. Alipogeuka, nyuki mmoja alikuwa ndani ya maua, na mikono ya Enid bado imekumbatia chungu cha ule mche. Madaktari wamesema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hakuna ambaye angeweza kufanya lolote, tumelisikia hilo lakini halijatuingia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu goti, wahudumu wa gari la wagonjwa waliofika kwa dakika tisa, wafanyakazi wenzake wa posta waliobeba jeneza leo, na jirani yetu Bi Maud Pritchard, ambaye amempikia Clive kila siku bila kumwuliza neno.

Mche ndio ule pale kando ya jeneza. Clive hajaweza kulifukia lile shimo wala kulipandia, na anaona aibu kuwaomba, hivyo nawaomba mimi: kesho saa nne asubuhi njooni nyumbani kwake na viatu vya matope, yeye ataupanda, kiti tutakiweka palepale kilipokuwa.

Dada, alikuuliza swali, na kwa kuwa wewe hukuwahi kuacha barua bila kuifikisha, nimeruhusiwa kumjibu kwa niaba yako. Panatosha, Clive. Enid, pumzika kwa amani.