Kibindo, Aliyelala Nje ya Mlango wa Uani

Msinitolee macho, na wewe Somoe acha kumkonyeza jirani yako, nimekuona. Aliyezikwa hapo nje ya mlango wetu wa uani ni paka, si sharifu, si mtoto wa sharifu, wala si mtu wa kale aliyemjia mtu katika njozi, ni paka, dume, rangi ya majivu, mkia umepinda, na anayesema kwamba namficha walii ili nifaidi ubani peke yangu, basi na anieleze ubani huo nitaupikia nini. Kwa mdomo nimesema mkanikatalia, kwa hiyo nimeandika, kwa herufi nilizofunzwa chuoni kabla nusu yenu hamjazaliwa, na leo Alhamisi, mwezi ishirini na mbili Mfungo Tisa, mwaka 1331, hapa Ndagoni, mimi Mwanahalima binti Matano nasimama kwa niaba ya nyumba hii kuwasomea historia ya marehemu, na atakayenikatiza nitaanza tena mwanzo, kahawa ipoe isipoe.

Marehemu Kibindo alizaliwa mwezi wa Mfungo Sita mwaka 1319, siku chache baada ya Maulidi, ndani ya jahazi lililokuwa likitoka Kilwa kuja Chole, juu ya magunia ya mtama, na kwa kuwa alizaliwa majini hakuna mji unaoweza kumdai. Mama yake alikuwa paka wa jahazi, baba yake hajulikani, na ndugu zake watatu nahodha aliwagawa bandarini kama anayegawa karafuu za kutafuna. Mume wangu Shamte bin Azizi, Mungu amrehemu, alikwenda Chole siku hiyo kuuza mbata, akarudi hapa bila sukari niliyomwagiza, bila kitambaa, ila kibindo cha kikoi chake kimefura, na ndani yake kinalia kitu. Nikamwuliza, sukari iko wapi, akanijibu, "Bibi we, hebu tazama macho yake kwanza." Nikayatazama, yalikuwa macho ya paka, sikuona la ajabu, lakini jina likamkaa hapo hapo, Kibindo, na sukari tulinunua mwezi uliofuata.

Kuhusu elimu, marehemu alianza chuo akiwa na umri wa miezi mitano, akimfuata mjukuu wetu Saleha, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi na ndiyo kwanza yuko juzuu ya Amma, na kila asubuhi walitoka pamoja, mmoja na ubao wake, mwingine na mkia wake. Alikaa kwenye mkeka wa mwalimu kwa adabu kubwa kuliko wana wenu, hakupiga kelele, hakupigana, na mwalimu alikuwa akiwaambia watoto wamtazame Kibindo jinsi anavyosikiliza, mpaka siku alipogundua kwamba anachosikiliza ni chungu cha samaki kilichofunikwa nyuma yake. Kwa hiyo masomo yake yalikatika kabla ya kuhitimu, naye hakuonyesha kujuta.

Baada ya kuacha masomo aliajiriwa katika ghala yetu ya mbata, kazi aliyoifanya mpaka meno yalipomwisha. Wenye minazi mnajua panya wa kisiwa hiki walivyo, wanapanda mnazi kuliko mkwezi, na kabla yake tulikuwa tukipoteza nazi nyingi hata Shamte akawa analala ghalani na rungu, akipiga, akikosa, akiniamsha. Kibindo hakuwa na rungu. Alikuwa akiua usiku, na asubuhi anawapanga maiti mlangoni pa wifi yangu Jokha, dada yake Shamte, huyo aliyekaa hapo na ushungi wake mpya, kwa nini mlangoni pake na si pangu sijui, huenda alimwona ndiye mwenye nyumba, na Jokha kila alfajiri alikuwa akipiga ukelele mmoja, nasi tukajua kumekucha.

Pamoja na kazi hiyo alikuwa na desturi moja ambayo ni lazima niitaje, kwa sababu nitairudia mwishoni. Hakutaka mlango wa uani ufungwe. Ukiufunga yeye akiwa ndani atalia atoke, ukiufunga akiwa nje atalia aingie, na ukiufungua atakaa kizingitini akitafakari kama bado ana haja. Shamte alichoka, akachukua kumbi la nazi akalibana chini ya mlango, ukabaki wazi kiasi cha paka, na tangu hapo haujafungwa, kuku wa Somoe wakawa wageni wetu wa kila siku, upepo wa kusi ukatuzimia taa, na hata Shamte alipofariki, mwaka 1324, hatukulitoa kumbi lile.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, maana hakuna aliyemtaka posa, lakini ameacha watoto na wajukuu katika kila jiko la Ndagoni, na mengine mpaka njia ya Ras Kisimani, na wote wana ule mkia uliopinda kama ndoana. Anayetaka ushahidi kwamba nilichozika ni paka na atazame mikia hiyo. Na wewe wifi, huyo unayemlisha maziwa kwa siri nyuma ya jiko ukidhani sioni, ni binti yake.

Sasa nafika mahali ambapo nataka mnisikilize, kwani hapa ndipo palipomfanya Saleha alie kwa ajili ya paka, jambo mlilolicheka wiki nzima.

Mwaka 1326, mwezi wa Mfungo Tano, mume wa Saleha, kijana Iddi, alishikwa na homa akafa siku ya nne. Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Saleha alirudi kwangu kukaa eda, miezi minne na siku kumi kama sheria ilivyo, katika chumba cha ndani, amevaa nyeupe, na Kibindo akaingia naye, akalala miguuni pake, akawa hatoki ila kwa haja zake. Nikaona ni vema. Mimi maneno ya kubembeleza sinayo, sikuzaliwa nayo, nikiingia kumpoza mtu humwacha analia zaidi, lakini yule paka hakusema kitu, na msichana alikuwa anakula, nusu yeye nusu paka.

Ndipo Jokha aliposimama katikati ya uani akashika kiuno akasema, "Hivi nyumba hii haina haya? Mjane yumo edani, na dume limo chumbani!" Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Kwao hao walioleta usharifu wao kutoka Arabuni kila kitu kina heshima yake, hata paka, akaapa kwamba watu watasema eda ya binti wa ukoo wao imevunjika. Tukampelekea swali mwalimu, yule yule aliyeibiwa samaki, mzee wa watu akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, akajibu, "Mwambieni Bi Jokha, huyo paka akija kumposa mjane, niiteni nifungishe." Jibu hilo ndilo lililoharibu mambo, kwa sababu Jokha huweza kuvumilia kushindwa lakini hawezi kuvumilia kuchekwa, na kesho yake, mimi nikiwa shamba, akamtia Kibindo ndani ya tenga, akawakabidhi wavuvi waliokuwa wakienda kupiga dago, kambi yao ya uvuvi, Ras Mkumbi, ncha ya pili ya kisiwa, ambako paka hata akijua njia atachoka kabla hajafika.

Saleha hakugombana na mtu. Aligeuza uso ukutani, basi. Sahani ilikuwa ikiingia na kutoka vile vile, wali umekauka pembeni, na nilipomwambia kula, mwanangu, alinijibu, "Bibi, sina njaa," kwa sauti ya mtu anayekujibu ili uondoke. Shingo yake ikawa kama ya kuku anayefugwa na masikini. Nilimzika mume, nilimzika binti yangu aliyemzaa huyu, nikaona sasa ninatayarishwa kwa wa tatu, na hilo nililikataa, nikawatuma watu Ras Mkumbi wakarudi na habari kwamba paka hayupo, ameondoka na mchuuzi.

Mchuuzi mwenyewe ni Mbaraka, mnamjua, anayetembeza nguru mkavu kijiji kwa kijiji. Wavuvi walimpa paka kwa sababu aliwamalizia samaki walioanika, naye Mbaraka hakujua lolote la nyumbani kwetu, alijua tu kwamba Bi Jokha ni mnunuzi wake mkubwa na inafaa kumfurahisha. Basi siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini wamejaa barazani kwetu, akatokea Mbaraka na mzega wake, tenga la mbele nguru, tenga la nyuma Kibindo, amenenepa kama kadhi, akatua mzigo mbele ya Jokha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shikamoo Bi Jokha, leo sikuuzii kitu, nimekuletea zawadi." Nani kati yenu angeweza kumrudishia mtu zawadi mbele ya watu, siku ya Ijumaa? Jokha alimtazama paka, paka akamtazama Jokha, wifi yangu akasema, "Marahaba, ahsante," na ninyi mliokuwapo mnakumbuka rangi ya uso wake.

Kibindo hakungoja kukaribishwa. Alizunguka nyumba, akapita kwenye mwanya wa kumbi, akaenda moja kwa moja chumbani, na kitambo kidogo nikasikia sauti ya Saleha, ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau, ikiita, "Bibi! Leteni samaki huku!" Nikapeleka samaki mzima. Nusu alikula paka, nusu alikula yeye, na mimi nilisimama nje nikihesabu miiba kwenye sahani ili nihakikishe. Eda ilimalizika salama, haikuvunjika, na hakuna aliyeposwa.

Marehemu alianza kuugua mwanzoni mwa mwaka huu, taya likavimba, meno yakatoka moja moja, akaacha kazi ya ghalani, akawa anawatazama panya wanapita kama mzee anayetazama vijana wakicheza ngoma. Saleha alimtafunia dagaa, mimi nilimpaka manjano na mafuta ya nazi, hayakumfaa ila alinuka kama mchuzi. Alifariki Jumamosi, mwezi kumi na mbili Mfungo Nane, baada ya sala ya alasiri, amelala kizingitini, nusu ndani nusu nje, hajaamua.

Saleha alimzika mwenyewe, kushoto kama unatoka, na kwa kuwa mikono yake haijui namna nyingine ya kuzika, aliweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, akayapaka chokaa. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Somoe alipita na mwanawe mgongoni ana homa, akaona kaburi dogo, jeupe, mlangoni pa watu wanaojiita masharifu, hakuuliza mtu, akafunga kitambaa, akafukiza ubani, akaweka nadhiri, na mtoto akapona. Somoe, nimefurahi mwanao amepona, ni Mungu aliyemponya, na uji wangu niliokuletea siku tatu. Lakini wewe ulikwenda kusema kisimani, na kutoka kisimani habari imefika mpaka Kirongwe, leo nina vitambaa vyeupe na vyekundu, nina marashi, juzi nimemkuta mwanamume mzima amepiga magoti anamwomba Kibindo ampe mtoto wa kiume. Hilo pengine angeliweza, zamani.

Mnaona ni mzaha. Jokha ameapa kwamba ikifika kesho Ijumaa kabla ya sala na kuna kitambaa hata kimoja, atafukua mifupa aitupe mikokoni, maana ni shirki nyumbani kwake, na kwa shirki nakubaliana naye, mwandike, haitatokea tena. Saleha naye amefunga nguo zake, amesema, "Akitoka yeye, natoka na mimi," na anaposema hivyo hapazi sauti, ndipo ninapomwogopa. Atakwenda kwa jamaa za baba yake Chole, nami nitabaki katika nyumba hii, mimi na Jokha, kila siku ya uhai wetu uliobaki. Kama hamumwonei huruma paka, nioneeni mimi.

Kwa hiyo familia inatoa shukrani zake. Tunamshukuru mwalimu, aliyecheka wakati uliofaa, Mbaraka, aliyekosea kwa faida yetu, wavuvi wa dago la Ras Mkumbi, tunaowaomba radhi kwa samaki wao, na majirani wote kwa kuku wao. Tabibu hakuwapo ila mimi, na sijishukuru. Bi Jokha tunamshukuru kwa kuipokea zawadi.

Asubuhi hii nimezungumza na Saleha, ameridhia. Ninapomaliza kusoma nakunja karatasi hii, natoka kwa mlango wa uani, vitambaa nitavifungua vyote niwarudishie wenyewe, na yale mawe mawili nitayang'oa kwa mikono yangu. Lakini mtu hakai ardhini bila alama, basi nitachukua lile kumbi la nazi, lililobana mlango huu tangu enzi za Shamte, nitaliweka juu yake, kwani sijamwona bado mtu wa kufunga nadhiri kwenye kumbi.

Wewe Kibindo, lala hapo ulipo, na usiamke kwa ubani wa mtu.

Ninyi mnaotaka kutoka, upo mlango wa mbele. Huu wa uani, kumbi nikishalitoa, naufunga.