Mkoba wa Mama Mpishi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi, ndugu wafanyakazi wa jikoni ambao leo mmeketi safu ya mbele, wanafunzi wenzangu, na wewe Mama Mpishi tunayekuaga: nawaamkia wote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Wanaonifahamu wanajua kuwa mimi si msemaji. Nimezoea kiti cha pembeni maktaba, na kurudisha vitabu kabla ya tarehe. Mwalimu Mkuu aliniambia, "Sema kidogo tu, mshukuru, ukae." Nitamshukuru. Lakini lipo jambo ambalo lazima litangulie, na naomba mnivumilie.

Kwa miaka kumi na tisa Mama amewasha moto wa jiko letu kabla hatujaamka. Tuko mia sita, naye anajua nani hali maharage, nani huumwa tumbo siku ya mtihani, na nani hupanga foleni mara mbili. Huyo wa mara mbili Mama alimwambia, "Wewe tena? Pacha wako ameshakula, sasa ni zamu yako, eti?" Kisha akampakulia. Na sisi tulimpa nini? Tulimpa jina. Tulimwita Mama Ghala, kwa kuwa alikuwa mnene, na tulisema ghala lote la shule limehamia tumboni mwake. Mlicheka. Nami nilicheka.

Miaka mitatu iliyopita, nyama ilipungua kwenye sahani zetu. Wiki hiyo barua ikatumbukizwa kwenye sanduku la maoni. Haikuwa na jina, ila hoja zake zilipangwa vizuri, hata ikasomwa mbele yetu mstarini kama mfano wa uandishi bora. Ilisema: "Chakula kinapungua, mpishi ananenepa. Unahitajika ushahidi gani mwingine?" Tangu jioni ile mlinzi aliagizwa kuufungua mkoba wa Mama kila anapotoka kwenda kwake.

Barua ile niliiandika mimi.

Samahani, Mama. Ningeweza kukuambia tukiwa wawili, lakini aibu niliyokupa mbele ya watu siwezi kuja kuiondoa kwa siri.

Muhula uliofuata ilijulikana kuwa mletaji wa nyama ndiye aliyekuwa akipunguza mzigo. Akaondolewa. Je, kuna aliyekumbuka kwenda getini kuifuta ile amri? Hakuna. Kila jioni mlinzi aliuliza kwa utani, "Mama, leo umebeba ng'ombe gani?" Naye alijibu, "Dume la jana. Angalia lisikupige pembe." Watu walicheka, naye akacheka, kisha akainama kukunja upya vitu vyake, taratibu, kimoja kimoja. Wiki iliyopita mlinzi aliniambia, "Mwanangu, siku zote ni vilevile. Kandambili, kitambaa cha kichwa, karatasi ya dawa. Naona haya, lakini amri ni amri."

Mwaka huu nilipangiwa zamu ya jikoni. Nilimwona Mama akila kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama, ameegemea sinki, anakwangua ukoko wa sufuria na kuuteremsha kwa chai yenye sukari vijiko vinne.

"Mama, mbona huli mboga?" nikamuuliza.

"Mboga zimo kwenye orodha, mwanangu. Zamani mwalimu wa zamu alikuwa ananiwekea kidogo. Tangu ile barua anaogopa, nami naogopa. Ukoko hauandikwi popote."

"Na sukari yote hiyo?"

"Hii nanunua mwenyewe. Nisipokunywa nitaanguka, halafu mtakula nini, vitabu?"

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia.

Nilirudi maktaba, maana ndiko ninakojua kutafuta. Nilisoma kwamba katika nchi maskini kabisa, mara nyingi wanene ni wenye nacho. Nchi inapopata uwezo, uzito unaanza kuhama meza, na mara nyingi huwafikia kwanza wanawake wasio nacho. Katika nchi tajiri wengi wao ndio wanaoubeba. Sababu moja ni kwamba cha kujaza tumbo ni rahisi, na cha kuulinda mwili ni ghali. Nilikuwa nimeusoma mwili wa Mama kama ripoti ya wizi, kumbe ulikuwa ripoti ya mshahara wake, ya kusimama kwake saa kumi na nne kwa siku, na ya barua yangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niwie radhi kwa mfano huu. Mwaka ule ulipotutembelea ukiwa umeongezeka mwili, tulikupigia makofi, na mtu akasema umenawiri. Mama alipoongezeka, tulisema ameiba. Leo umepungua, tunasikia una daktari wa lishe na unakimbia kila asubuhi, nasi tunafurahi kwa afya yako. Mama naye amepungua. Kisukari kimemfanya akatwe vidole viwili vya mguu wa kushoto, na daktari amemkataza kusimama. Ndiyo maana tunamuaga leo, miaka sita kabla ya wakati wake. Tusiseme amechoka.

Mama, tumekununulia kiti chenye egemeo. Kipo pale mezani, kimefungwa utepe, na wenzangu watakukabidhi. Najua kimechelewa. Sikuombi unisamehe sasa hivi, watu wote hawa wakikutazama. Hiyo itakuwa kukulazimisha mara ya pili, kama ulivyolazimishwa pale getini. Utanijibu siku utakayotaka, au usinijibu.

Asante kwa kila sahani uliyonipakulia ukijua au bila kujua mimi ni nani. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza hadi hapa.

Nimebakiwa na ombi moja. Mama, sherehe ikiisha, niruhusu nikubebee mkoba hadi nje. Nawe mlinzi wetu, uliyesimama pale mlangoni umeshika kofia mkononi, tukifika, tafadhali, fungua geti tu.